Sumu mezani, faraja kitabuni: siri ya riwaya za upelelezi wa jikoni

Mtu ameangukia sahani yake, polisi wamefika, na wa kwanza kutiliwa shaka ni mpishi. Msomaji, aliyejikunyata kitini na kikombe cha chai mkononi, hana hofu hata chembe. Kinyume chake anaburudika, na baada ya kurasa chache huenda akainuka kwenda kuwasha jiko.

Hiyo ndiyo ajabu ya riwaya za upelelezi wa jikoni, tawi la fasihi ya Kiingereza ambalo kwa zaidi ya miaka 40 limejipatia wasomaji wengi nchini Marekani na Uingereza, na sasa limeota mizizi Asia na kusini mwa Afrika. Mkazi wa Afrika Mashariki aliyehamia ughaibuni huvikuta vitabu hivi kwenye maktaba za umma, majalada yake yakiwa yamepambwa kwa picha za keki, paka na birika la chai.

Swali linalojitokeza ni hili: inakuwaje mauaji, tena pengine ya sumu ndani ya chakula, yakawa kiburudisho cha jioni? Jibu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo si ya kuchekesha.

Upole katikati ya mauaji

Riwaya za jikoni ni za ukoo wa hadithi ambazo Waingereza na Wamarekani huziita kwa neno lenye maana ya joto la starehe, kama la mtu aliyejifunika blanketi huku mvua ikinyesha nje. Neno hilo hilo ndilo jina la kitambaa kinachovikwa birika ili chai isipoe. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa riwaya pole za upelelezi.

Upole huo una masharti yake. Mauaji hutokea, lakini damu haimwagiki mbele ya macho ya msomaji. Anayeuawa mara nyingi ni mtu aliyekuwa na maadui wengi. Mpelelezi si askari bali ni raia wa kawaida: mjane, mwalimu, muuza vitabu au mpishi. Mahali pa tukio ni kijiji au mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, na mwishoni mhalifu hutambuliwa, naye huondolewa katika jamii ili maisha yarejee katika utaratibu wake.

Sharti jingine ni uadilifu kwa msomaji. Dalili zote anazoziona mpelelezi, msomaji naye hana budi kuwa ameziona. Kwa hiyo kitabu huwa pia mchezo wa akili, mfano wa kitendawili kirefu kinachoteguliwa katika ukurasa wa mwisho.

Kutoka chumba cha dawa hadi meza ya chai

Haiwezekani kuzieleza hadithi hizi bila kumtaja Agatha Christie, aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, na kufariki mwaka 1976. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi hospitalini katika chumba cha kutolea dawa, na mwaka 1917 alifaulu mtihani wa utaalamu huo. Huko ndiko alikojifunza ni kiasi gani cha dawa huponya na ni kiasi gani huua.

Elimu hiyo aliitumia katika riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, iliyotoka mwaka 1920. Ndani yake mama tajiri anafariki kwa striknini, na wachunguzi wanalazimika kujiuliza kila alichokunywa usiku ule.

Mwezi Desemba mwaka 1927 Christie alichapisha hadithi fupi iliyomtambulisha Miss Marple, bibi mzee wa kijijini ambaye hajawahi kuolewa na ambaye mikono yake haiachi kufuma sufi. Katika hadithi hiyo watu watatu wanaugua baada ya chakula cha jioni na mmoja anafariki. Katika baraza la wanaojaribu kulifumbua fumbo hilo yumo mkuu mstaafu wa polisi wa Scotland Yard, lakini anayeupata ukweli ni bibi huyo, kwa sababu anayajua mambo ya jikoni kuliko wote waliokuwapo.

Hapo ndipo ulipopandwa mbegu wa riwaya za jikoni: maarifa ambayo wanaume wenye vyeo waliyaona kuwa madogo ndiyo yaliyobeba ufunguo wa kesi.

Christie aliendelea kuweka meza ya chakula katikati ya visa vyake. Katika A Murder is Announced, ya mwaka 1950, mpishi mkimbizi kutoka bara la Ulaya anaoka keki ya chokoleti iliyosheheni siagi, sukari na zabibu kavu. Kwa msomaji wa leo hiyo ni keki tu. Kwa Mwingereza wa wakati ule ilikuwa ndoto, kwani mgao wa chakula ulioanza Januari mwaka 1940 haukumalizika hadi Julai mwaka 1954. Wasomaji waliokuwa wakipimiwa siagi kwa gramu waliweza angalau kuila keki hiyo kwa macho.

Mapishi yanaingia kitabuni

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpa msomaji si hadithi ya chakula peke yake, bali na maelezo ya jinsi ya kukipika. Mwaka 1938 Mmarekani Rex Stout alichapisha Too Many Cooks, ambamo mpelelezi wake mnene na mpenda chakula, Nero Wolfe, anahudhuria mkutano wa wapishi mashuhuri na mmoja wao anauawa. Mwishoni mwa kitabu Stout aliambatanisha maelezo ya vyakula vilivyotajwa ndani yake.

Hata hivyo ni Virginia Rich, kwa riwaya yake The Cooking School Murders ya mwaka 1982, anayehesabiwa na wengi kuwa mwanzilishi wa tawi hili kwa sura yake ya sasa. Mwaka 1990 walimfuata Diane Mott Davidson, ambaye shujaa wake ni mama anayepika kwenye shughuli za watu katika milima ya Colorado, na Katherine Hall Page, ambaye shujaa wake ni mpishi aliyeolewa na mchungaji wa kanisa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Chocolate Chip Cookie Murder ya Joanne Fluke, iliyotoka mwaka 2000. Hannah Swensen ana duka la biskuti katika mji wa kubuni wa Lake Eden, jimbo la Minnesota. Asubuhi moja kijana anayesambaza maziwa anakutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake nyuma ya duka hilo, biskuti za Hannah zikiwa zimetapakaa kando yake. Shemeji yake Hannah ni askari anayetamani kupandishwa cheo, mama yake anahangaika kumtafutia mume, na paka wake hana subira na mtu yeyote. Katikati ya sura za upelelezi msomaji anakutana na vipimo vya unga, sukari na siagi.

Mfululizo huo sasa una vitabu zaidi ya 25, na kuanzia mwaka 2015 ulifanyiwa filamu za televisheni nchini Marekani.

Kwa nini jikoni?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi humhitaji mtu anayeweza kuingia katika kila nyumba bila kuulizwa shabaha yake. Mpishi wa shughuli huingia kwenye arusi na kwenye matanga, kwa tajiri na kwa maskini. Wenye nyumba huzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Muuza kahawa na muuza mikate nao husikia habari kabla ya gazeti.

Sababu ya pili ni kwamba jiko hutunza saa. Mkate ulioungua, mchuzi uliopoa au unga ambao haujaumuka huweza kuonyesha kwa dakika ngapi mpishi alikuwa mbali na meko, na kwa hiyo ni nani aliyepata nafasi ya kufanya uovu.

Sababu ya tatu ni ya moyoni. Chakula ni agano la kuaminiana. Anayekula chakula cha mwenzake ameyaweka maisha yake mikononi mwa mpishi, na ndiyo maana sumu mezani hutisha kuliko risasi. Mauaji yanapovunja agano hilo, upelelezi huwa ni kazi ya kulirudisha. Si ajabu basi kuwa riwaya nyingi za aina hii humalizikia tena mezani, majirani wakila pamoja bila wasiwasi.

Mpishi aliyenyongwa

Lipo jambo moja ambalo karibu riwaya zote hizi hulirudia: mpishi ndiye mshukiwa wa kwanza. Hilo halikubuniwa na waandishi.

Tarehe 21 Machi mwaka 1815, mtumishi wa jikoni aitwaye Eliza Fenning aliwapikia waajiri wake mjini London madonge ya unga ya kuchemsha. Waliokula walishikwa na maumivu makali ya tumbo. Hakuna aliyefariki, na Eliza mwenyewe, aliyekula chakula hicho hicho, aliugua pia. Aseniki, iliyowekwa nyumbani humo kwa ajili ya kuulia panya, ilikuwa kwenye droo ambayo haikufungwa kwa ufunguo.

Miongoni mwa ushahidi aliotoa tabibu mahakamani ni kuwa visu vilivyokatia madonge hayo viligeuka vyeusi. Leo inafahamika kuwa weusi huo si dalili ya aseniki. Sheria ya wakati huo haikumruhusu wakili wa mshtakiwa katika kesi nzito kusimama na kulihutubia baraza la wazee wa mahakama kwa niaba yake. Eliza, msichana wa miaka ishirini na kitu tu, alikana kosa hilo hadi mwisho. Alinyongwa tarehe 26 Julai mwaka 1815 nje ya gereza la Newgate, na maelfu ya wakazi wa London, walioamini kuwa hakuwa na hatia, walijitokeza kwenye mazishi yake.

Ilichukua miaka 21 zaidi kabla ya mkemia James Marsh kutangaza, mwaka 1836, njia ya kuaminika ya kutambua hata kiasi kidogo cha aseniki. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa na mawakili wakaruhusiwa kuwatetea washtakiwa kwa ukamilifu. Mwaka 1851 Bunge la Uingereza liliwataka wauzaji wa aseniki kuandika majina ya wanunuzi na kuichanganya sumu hiyo na masizi au nili ili isifanane na unga.

Ukiisoma riwaya ya jikoni baada ya kuijua habari ya Eliza, upole wake unapata uzito mwingine. Mpishi wa kwenye riwaya hupewa kile ambacho Eliza alinyimwa: muda wa kuuliza maswali, watu wa kumsikiliza na haki ya kuuthibitisha ukweli wake. Katika jamii nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, mtu anapougua ghafla baada ya kula, maneno ya kwamba amelishwa kitu huanza kabla ya daktari kufika, na kidole huelekezwa kwa mke mwenza, mkwe au mfanyakazi wa nyumbani. Riwaya hizi, pamoja na wepesi wake, hufundisha kuchunguza kwanza na kulaumu baadaye.

Ladha za ughaibuni

Kwa muda mrefu majiko ya riwaya hizi yalikuwa ya Kimarekani na Kiingereza tu. Hali hiyo imebadilika.

Mwandishi wa Singapore, Ovidia Yu, alichapisha Aunty Lee's Delights mwaka 2013. Mhusika mkuu ni mjane mwenye mgahawa wa vyakula vya Kiperanakani, yaani mchanganyiko wa Kichina na Kimalay, na sifa yake kubwa ni achari. Neno hilo Waswahili hawahitaji kutafsiriwa, kwani limevuka bahari na kufika Mombasa na Zanzibar pamoja na chupa zake za embe na ndimu. Msaidizi wa mjane huyo ni mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, ambaye mara nyingi ndiye anayeona kile ambacho matajiri hawakioni.

Mwaka 2021 Mia P. Manansala, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Ufilipino, alitoa Arsenic and Adobo. Lila Macapagal anarudi kutoka Chicago, akiwa amevunjika moyo, kumsaidia shangazi yake kuuokoa mgahawa wa familia katika mji mdogo wa jimbo la Illinois. Mchumba wake wa zamani, ambaye sasa ni mhakiki wa vyakula na ameuandama mgahawa huo kwa lawama, anafia mezani humo, na Lila anashukiwa. Adobo ni nyama iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na mchuzi wa soya, na kwa familia hiyo ndiyo kumbukumbu ya nyumbani.

Kitabu hicho kilishinda tuzo ya Agatha ya riwaya bora ya kwanza, tuzo ambayo mshindi wake hukabidhiwa birika la chai. Mhamiaji yeyote aliyewahi kuona mgahawa wa jamii yake ukitegemewa kama sebule ya ukoo mzima ataelewa kuwa hatari iliyomo humo si kifungo peke yake. Mgahawa ukifungwa, watu wanapoteza mahali pa kukutania.

Kusini mwa Afrika, Sally Andrew alichapisha Recipes for Love and Murder mwaka 2015. Shujaa wake, Tannie Maria, ni mjane wa eneo kame la Karoo aliyewahi kupigwa na mumewe. Anaandika safu ya gazeti inayojibu barua za wenye matatizo kwa ushauri na kwa mapishi. Mmoja wa wanawake waliomwandikia kuhusu mume katili anauawa. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya hiyo ilianza kuonyeshwa mwaka 2022.

Lawama

Si kila mtu anayezisifu hadithi hizi. Mwaka 1944 mwandishi wa Marekani Raymond Chandler aliandika insha kali akiwashutumu waandishi wa mtindo wa Kiingereza kwa kuyafanya mauaji kuwa fumbo la sebuleni, mbali na maisha yalivyo mitaani. Wapo pia wanaolalamika kuwa mji mdogo ambamo mtu anauawa katika kila kitabu hauaminiki, na kuwa majonzi ya waliofiwa hupitiwa haraka mno.

Lawama hizo zina uzito. Mwezi Machi mwaka 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Kwa watu waliopatwa na msiba kama huo, sumu ndani ya chakula haiwezi kuwa mchezo.

Wapenzi wa riwaya hizi hujibu kuwa hakuna msomaji anayedanganyika. Wanazifungua wakati wa ugonjwa, upweke au habari mbaya kwa sababu humo ndani, tofauti na duniani, kila swali hujibiwa na kila dhuluma hulipwa.

Bwana Msa na jiko la Waswahili

Kiswahili nacho si kigeni katika upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mvuta kiko, ni jamaa wa karibu wa Sherlock Holmes, lakini anayoyachunguza ni mambo ya Unguja. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla aliongeza Simu ya Kifo.

Malighafi ya upelelezi wa jikoni imejaa katika pwani hiyo. Wapo wapishi wa biriani wanaoalikwa kwenye kila arusi na kuzijua siri za kila ukoo. Wapo wauza kahawa wanaopita barazani. Yupo samaki bunju, ambaye wavuvi humtupa kwa sababu ya sumu yake, na ipo mihogo michungu isiyolika bila kuandaliwa vizuri. Zaidi ya yote lipo sinia moja linaloliwa na watu wengi, fumbo ambalo lingempa kazi Miss Marple mwenyewe: vipi adhurike mmoja, na wote wamekula pamoja?

Kwa anayetaka kuanza

Msomaji mgeni anaweza kuanza na hadithi fupi za Miss Marple, kisha akachagua kitabu cha jiko analolipenda. Ni vyema kusoma polepole na kutopuuza maelezo ya chakula, maana mara nyingi dalili hufichwa humo: aliyekataa kitindamlo, aliyeongeza sukari, aliyefika akiwa ameshiba.

Anayetaka kupika kutoka vitabu vya Kimarekani akumbuke kuwa kikombe chao cha kupimia ni takriban mililita 240, kipande kimoja cha siagi ni karibu gramu 113, na joto la tanuri la nyuzi 350 katika kipimo cha Fahrenheit ni kama nyuzi 177 za Selsiasi. Asiyezingatia hayo huenda akaharibu biskuti zake hata kabla ya kumjua muuaji.